Babu Alikatwa Mara Mbili, na Kinyama Kikarudi

Nyinyi mnaonifuata mwanijua kwa milango na makuta ya Mji wa Kale. Leo hakuna mlango. Leo nataka kuongea juu ya jicho la babu yangu, na msinikimbie, manake hii nayo ni historia ya mji wetu. Ya Ngome iko kwenye vitabu. Hii imeandikwa kwenye nyama ya mtu.

Babu alikuwa mvuvi. Alianza kutoka na baba yake akiwa hajabaleghe, hapo hapo Bandari ya Kale, na bahari ameiacha akiwa ashapita miaka sitini. Tuna picha yake ya harusi ya mamangu, amevaa kanzu na kofia ya vito, amenuna kama kawaida yake mbele ya kamera. Ukiivuta karibu utaona kwenye jicho la kulia, upande wa pua, kuna pembetatu ya nyama yenye wekundu. Imelala juu ya weupe wa jicho na ncha yake imepanda mpaka kwenye weusi. Sisi wajukuu tulidhani ndivyo alivyoumbwa.

Bibi alikuwa akiita kinyama. Jirani mmoja akaja akasema huyo ni mtoto wa jicho, na jina hilo likamgharimu Babu miaka kadhaa. Manake kila mtu alishasikia kwamba mtoto wa jicho anangojwa aive ndipo atolewe. Basi Babu akangoja kiive.

Hebu niliweke sawa hili kabla hatujaenda mbali, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa na ana mzazi anayengoja vile vile. Mtoto wa jicho yuko ndani. Ni ile lenzi iliyo nyuma ya mboni imeingia ukungu, na hata huyo siku hizi hangojwi aive. Kinyama kiko nje, juu ya jicho. Ule utando mwembamba unaofunika weupe umenenepa, umepata mishipa ya damu, umeanza kutambaa juu ya kioo cha mbele, yaani konea. Hakiivi. Kinatambaa polepole, miaka na miaka, na mara nyengine kinasimama chenyewe kisiendelee tena. Kikisogea karibu na mboni kinaivuta konea, kioo kinapinda, na mtu anaanza kuona taa moja kama mbili. Kikifika katikati kimeziba dirisha.

Babu alikatwa mara ya kwanza nikiwa darasa la nne. Mahali sipataji. Alitiwa ganzi, kinyama kikakatwa, jicho likafungwa bandeji, na akarudi nyumbani siku ile ile kwa miguu, amejitia ushujaa. Kwa muda wa miezi mitatu hivi jicho lilikuwa safi kama la mtoto. Kisha wekundu. Kufikia Ramadhani kinyama kilikuwa kimerudi, na walahi kilikuwa kimenenepa kuliko kile cha kwanza. Baada ya miaka miwili akakatwa tena, mahali kwengine. Kikarudi tena. Mamangu alipomtajia daktari mara ya tatu, Babu alisema, "Niwateni na jito langu. Lishakuwa kaidi kama mwenyewe."

Miaka mingi niliwalaumu wale waliomkata. Nilidhani walikata vibaya. Mwaka huu nimekaa nikasoma kwa utulivu, na nilichokuta ni kwamba pengine walikata vizuri tu. Kukata si tatizo. Binadamu anajua kukata kinyama tangu zamani sana, na tangu zamani sana kinyama kinajua kurudi.

Twende nyuma basi. Bara Hindi kuna kitabu cha utabibu kinachobeba jina la Sushruta, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, na ndani yake upasuaji huu umeelezwa kama vile mtu anakueleza namna ya kupara samaki. Mgonjwa anatiwa chumvi iliyosagwa machoni ili ile nyama ifure na kulegea. (Nami hapo nililazimika kuiweka simu chini kidogo.) Kisha tabibu anainasa kwa kulabu ndogo, anainyanyua, anaikata kwa kisu, na anaonywa asiguse ile pembe ya ndani ya jicho karibu na pua, manake akiijeruhi atazua balaa jengine. Huko Roma, katika karne ya kwanza, Celsus naye akaandika njia yake: sindano yenye uzi inapitishwa chini ya kinyama, kinanyanyuliwa, kinabanduliwa, kinakatwa. Na yeye pia anaonya juu ya pembe ile ile, kwamba ukiivuta sana ukaikata, jicho litatoka machozi siku zote. Watu wawili ambao hawajuani, bahari na milima kati yao, wanaonya jambo moja. Maana yake ni kwamba kulikuwa na wagonjwa wengi, na wengine waliharibiwa kwanza ndipo onyo likapatikana.

Celsus anasema kitu chengine nilichokipenda. Kwa lugha yake yeye anakiita ukucha, halafu anasema Wagiriki wanakiita kibawa. Jina la Kigiriki ndilo madaktari wanalolitumia mpaka leo, pterijiamu, kibawa kidogo, na ukikitazama kweli kimekaa kama bawa la nzi. Lakini Waarabu wao pia walisema ukucha. Kwa Kiarabu ni dhafara, na neno hilo linatokana na dhufr, ukucha. Shangazi yangu aliyeolewa Maskati alikwenda hospitali ya huko akaambiwa ana dhafara, akatupigia simu akilia akidhani ni ugonjwa mkubwa, kumbe ni kinyama kile kile cha Babu.

Ali bin Isa wa Baghdad aliandika kitabu cha matabibu wa macho, Tadhkirat al-Kahhalin, ambacho kilisomwa karne nyingi baada yake, na dhafara imo. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, ameeleza jinsi ya kuiondoa kwa kulabu, na kwa sindano yenye unywele wa farasi unaopitishwa chini ya nyama ili kuibandua. Hizi si nchi ngeni kwetu. Kaskazi ikivuma ndiyo iliyoleta majahazi ya Maskati, ya Shihiri na ya Kachi mpaka kwenye ngazi za bandari yetu. Tumepokea kutoka huko tende, mazulia, misahafu, mashemeji. Na mimi naona jina la Waarabu lina ukweli ambao la Wagiriki halina. Bawa ukilikata limekwisha. Ukucha ukiukata, waujua mwenyewe.

Sasa swali ambalo lilinisumbua zaidi: kwa nini Babu na si Bibi?

Bibi ameishi naye nyumba moja, Kibokoni, zaidi ya miaka hamsini. Maji mamoja, chakula kimoja, moshi wa jiko mmoja, na huo moshi Bibi ameula zaidi. Macho yake ni meupe pepepe. Jibu nililipata siku moja saa saba mchana nikitembea kutoka kwao kwenda bandarini kupiga picha. Ukiwa ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale jua halikupati. Nyumba zimesogeleana, roshani za juu karibu zigusane, na waliozijenga walijua walichokuwa wakifanya. Unatembea kivulini, watu wamekaa barazani kivulini, paka amelala kivulini. Halafu unatokeza bandarini na ni kama mtu amekupiga kofi. Weupe juu, weupe chini. Hatua mia na kidogo kutoka mlango wa Bibi mpaka kwenye mashua ya Babu, na hizo hatua ndizo zilizogawa macho ya nyumba moja.

Hili halikugunduliwa na mimi, bila shaka. Mwaka 1965 daktari aitwaye Malcolm Cameron alitoa kitabu kizima juu ya kinyama duniani kote, na ramani yake ni mshipi unaoizunguka dunia: ugonjwa umejaa karibu na ikweta, na ukishavuka takriban digrii 37 kaskazini au kusini unapungua sana. Mombasa iko digrii 4 kusini. Yaani sisi tuko kwenye kitovu hasa cha mshipi. Jua linatupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo Machi na mnamo Oktoba, na miale yake ile isiyoonekana, inayounguza ngozi, ndiyo mshukiwa mkuu. Mwaka 1989 huko Marekani, Hugh Taylor na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake, na waliopokea miale mingi zaidi maishani mwao ndio waliokuwa na kinyama zaidi. Wavuvi wa kaa, nchi yenye baridi, na bado bahari imewaandika.

Na wale wanaopenda kusema sisi weusi jua halituwezi, jicho halina habari hiyo. Kisiwani Barbados walipima watu wazima kuanzia miaka 40, wakakuta karibu robo ya weusi wana kinyama, ilhali kwa wazungu wa kisiwa hicho hicho ilikuwa kama mmoja katika kumi. Kazi ya nje iliongeza, miwani ilipunguza.

Kuna jambo moja dogo lililonifanya nicheke peke yangu. Kwa nini karibu kila mara kinyama kinaota upande wa pua? Mwaka 1993 daktari wa Sydney, Minas Coroneo, alitoa maelezo ambayo ukishayasikia huwezi kuyasahau. Mwanga ukiingia kwa pembeni, kutoka upande wa sikio, konea iliyobinuka inaupinda kama kioo cha kuwashia moto na kuukusanya pale pale kwenye ukingo wa upande wa pili, upande wa pua. Mwanga unaotoka upande wa pua hauwezi kufanya hivyo, manake pua yenyewe imeuzuia. Kwa hiyo hata jua la mbele si adui mkubwa kama lile linalokujia kwa ubavuni. Na baharini mwanga haukujii kutoka juu tu. Mchanga mkavu wa pwani unarudisha kama asilimia 15 ya ile miale, povu la bahari kama asilimia 25. Sasa mfikirie Babu, miaka arobaini na kitu ndani ya mashua, na kichwani ana kofia ya vito. Kofia nzuri, imeshonwa kwa mkono, na haina ukingo hata wa kumfunika nzi. Hata pama lenye ukingo mpana lingemsaidia nusu tu.

Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki. Kila mara nikisoma hapo huwa nafikiria wali, nazi, bibi wa jikoni. Siku hizi nafikiria aliyekwenda kumleta huyo samaki. Miaka karibu 700 ya kuleta samaki. Ongeza juu yake mahamali wa bandarini, wale Wahadhrami waliokuwa wakibeba maji nyumba kwa nyumba, mafundi waliokaa mchana kutwa wakipiga kalafati majahazi yaliyopwelewa mchangani. Ukitaka kujua nani alifanya kazi gani mji huu, huna haja ya kuuliza ukoo wala mtaa. Kaa barazani Ijumaa baada ya swala, watazame wazee machoni wakikupa mkono. Mimi nimefanya hivyo. Sikuhesabu, mimi si mtafiti, lakini mwenye duka na mwenye mashua utawajua.

Na kisha kinyama kikahama bandari. Meli kubwa zilihamia Kilindini zamani, majahazi yakapungua, na vijana wa Mji wa Kale wakaenda kutafuta riziki barabarani. Leo ukisimama Marikiti utakiona kwenye macho ya wasukuma mikokoteni, wa bodaboda, wa tuktuk, na wa akina mama wanaouza mboga kando ya njia chini ya mwavuli uliochanika. Kina mama hao ndio walionifanya niache kusema ni ugonjwa wa wanaume. Ni ugonjwa wa mtu asiye na kivuli.

Turudi kwenye kisu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 njia ya kawaida ilikuwa kukikata kinyama na kuliacha lile jeraha wazi, weupe mtupu, lijiponye lenyewe. Ni kazi ya dakika chache, haitaki vyombo vingi. Ndiyo aliyofanyiwa Babu mara zote mbili. Tafiti zinapishana kuhusu vinavyorudi, lakini hata zile zenye kutia moyo zinasema kama robo, na nyengine zinapita robo tatu. Na vinavyorudi karibu vyote hurudi ndani ya mwaka mmoja, kama cha Babu, na mara nyingi huja vikali zaidi, vimegandamana na kovu.

Madaktari waliliona hili, na wakajaribu kuichoma ile ardhi ili nyama isiote. Walitumia mnururisho wa strontiamu, kifaa kidogo kinachogusishwa jicho baada ya kukata. Ulizuia kurudi, lakini kwa baadhi ya watu, miaka kumi au ishirini baadaye, ukuta wa jicho ulikuwa umekonda pale pale ulipoguswa. Kisha Wajapani katika miaka ya 1960 wakaanza kutumia mitomaisini, dawa kali ya saratani, kwa matone. Nayo ilizuia, na nayo watu wengine waliopewa wakatie wenyewe nyumbani waliitumia kupita kiasi, wakaumia vibaya kuliko kinyama chenyewe. Siku hizi inatumika ndani ya chumba cha upasuaji, kwa dakika chache na kwa kipimo.

Jambo lililogeuza mambo lilikuja kwa fikra nyengine kabisa. Mwaka 1985 huko Marekani, Kenneth Kenyon na wenzake walitoa ripoti ya macho 57 yenye vinyama vikubwa au vilivyowahi kurudi, yaani kesi sugu hasa. Walikata kama wengine. Lakini badala ya kuliacha jeraha wazi au kulichoma, walichukua kipande chembamba cha utando kutoka jicho lile lile, sehemu ya juu inayofunikwa na kope, wakakihamisha na kukishona juu ya jeraha. Kiraka. Katika macho 57, vilirudi vitatu.

Baadaye wakaja wengine wakaacha kushona, wakagundisha kiraka kwa gundi inayotengenezwa na protini za damu, na maumivu ya nyuzi yakapungua. Wengine wanatumia utando wa kondo la nyuma la mzazi. Mambo ni mengi, lakini fikra ni ile moja: jeraha likifunikwa na utando mzima, ile nyama haipati uwanja wa kurudi.

Nilipomsomea Babu habari hii alinitazama kama mimi ndiye mjinga. Amekuwa akishona matanga tangu utotoni. Tanga likioza mahali, ukakata palipooza halafu ukatoka nalo hivyo hivyo na tundu lake, wewe si baharia. "Kwani wao hawakuwa na kiraka?" akauliza.

Walikuwa nacho, Babu. Hapo ndipo panaponiuma. Wewe ulikatwa zaidi ya miaka ishirini baada ya ripoti ile ya Kenyon.

Najua majibu, msiniandikie. Kiraka kinataka muda mara mbili au tatu zaidi, kinataka darubini nzuri, nyuzi nyembamba kuliko unywele, na mkono uliofundishwa. Gundi ni ghali. Madaktari wa macho Pwani ni wachache na foleni ni ndefu. Mombasa imekuwa na hospitali ya macho ya Lighthouse for Christ tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kule kusini Dkt. Helen Roberts alianzisha Kwale Eye Centre mwaka 1993, na kuna maafisa tabibu wa macho ambao wamebeba mzigo mkubwa kuliko mishahara yao. Sina neno nao. Malalamiko yangu ni madogo na ni haya: Babu hakuambiwa kwamba kuna njia mbili. Hakuna aliyemwambia, mzee, hii ni rahisi na huenda ikarudi, ile ni ghali na huenda isirudi, na huku kuna ya tatu, ya kukiacha kama kilivyo na kukitazama. Angechagua mwenyewe. Pengine angechagua ile ile rahisi, manake namjua na pesa zake. Lakini asingekaa miaka yote hii akidhani jicho lake ndilo lenye ukaidi.

Kuna jambo jengine, na hili sitalipitia kwa mzaha. Si kila kinyama ni kinyama. Kuna saratani ya utando wa jicho ambayo inaanza pale pale pembeni, inafanana nacho, na huku Afrika Mashariki tunayo zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Jua linachangia, na virusi vya UKIMWI vinachangia sana. Mwaka 1995 Ateenyi-Agaba alionyesha uhusiano huo kwa wagonjwa wa Kampala. Kwetu Kenya, Stephen Gichuhi na wenzake walifanya jaribio kwenye vituo vinne, wakatoa matokeo mwaka 2016: baada ya uvimbe kukatwa, waliotiwa matone ya fluorourasili kwa wiki nne ulirudi kwa kama mmoja katika kumi, na wasiotiwa ulirudi kwa zaidi ya mmoja katika watatu. Huo ni utafiti wa Wakenya, kwa macho ya Wakenya, na nashangaa hatuusikii kwenye redio. Kwa hiyo ile nyama iliyokatwa haifai kutupwa kwenye ndoo. Ipelekwe maabara. Za Babu zote mbili zilikwenda wapi, hatujui. Alhamdulillahi yuko hai, lakini hatujui.

Na wale wa unga. Babu aliletewa unga wa kusagwa, sijui ulikuwa na shabu au na nini, akatia siku tatu akapofuka nusu kwa wiki nzima. Kinyama kiko nje kinakutazama, kwa hiyo kila mtu anadhani anaweza kukifuta. Konea ikichubuka na kuingia kidonda, hapo ndipo jicho linapokwenda kweli.

Haya yote sikuyasoma kwa ajili ya Babu, nikiri. Niliyasoma kwa ajili ya kaka yangu. Ana miaka 27, anaendesha mashua ya watalii, na mwaka jana nikihariri video yake niliona kwenye jicho la kulia, upande wa pua, pembetatu. Ndogo, imegusa tu ukingo wa weusi. Yeye shida yake haikuwa kuona. Shida yake ni kwamba jicho liko jekundu daima na kila askari anayemsimamisha anadhani amevuta bangi. Alikuwa ashapata mtu wa kumkatia kwa bei nzuri, wiki inayofuata, dakika kumi.

Tulikwenda kwanza kwa daktari wa macho, sisi watatu, manake Babu alikataa kubaki nyumbani. Daktari, mwanamke kijana mpole, akakipima kinyama cha kaka, akakipiga picha, akasema hakikatwi. Ni kidogo, hakijasogea popote, na vijana ndio ambao kinawarudia kwa hasira zaidi. Akampa matone ya kulainisha jicho, akamwambia anunue miwani inayokumbatia uso mpaka ubavuni na yenye kuzuia miale, si giza tu la mapambo, na arudi baada ya miezi sita wapime tena. Kaka akanuna. Ana sura ya Babu akinuna.

Kisha daktari akageuka akamuuliza Babu kama anaweza kumtazama na yeye. Babu akasema hakuja kwa ajili yake. Lakini alishakuwa amekaa kwenye kiti.

Alimtazama kwa muda mrefu. Akasema kovu ni nene lakini mboni bado haijafikiwa yote, na kwamba akikubali, atakata na kufunika, na nyama itakwenda maabara. Sikuwa nimeuliza bado. Nilikuwa nimeandika maswali yangu mawili kwenye simu na sikuyahitaji.

Babu alinyamaza. Halafu akauliza, "Na hicho kiraka hutolewa wapi?"

"Kwenye jicho lako mwenyewe, mzee wangu," daktari akamwambia, akamnyanyulia kope ya juu kwa kidole. "Hapa ndani. Hapa utando wako ni mzima kabisa, kama wa kijana."

"Hapo jua halikufika," Babu akasema.

"Halikufika."

Akashuka kwenye kiti, akaweka kofia yake sawa, na tulipofika mlangoni ndipo akaniuliza Jumanne ijayo ni tarehe ngapi.